Kishikio Kiko Upande Gani? Tathmini ya Duka la Vyombo Karibu na Soko Kuu la Mtwara

Kwa muda wa miezi minne sasa nimekuwa nikinunua vyombo vya jikoni katika duka moja lililo hatua chache kutoka Soko Kuu la Mtwara. Vingi kati ya hivyo nimevitumia kila siku, asubuhi na jioni, kwa hiyo naona nimefika mahali pa kusema kwa haki kipi kinafaa na kipi hakifai. Sitaeleza unene wa bati wala uimara wa chuma kwa kirefu, maana hayo muuzaji yeyote atakueleza huku akiigonga sufuria kwa kucha. Nitaeleza jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: chombo kikiwekwa mbele yako, jicho linaangukia wapi kwanza, na ni mkono upi unaonyanyuka kukishika? Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nyumbani naishi na binti yangu ambaye ni wa mashoto, pamoja na mama yangu mzazi ambaye macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo kwetu swali hilo linaulizwa kila chai inapomiminwa.

Nianze na duka lenyewe. Maduka mengi ya vyombo hapa mjini bado yana wavu wa chuma mbele ya kaunta, na mteja husimama nje akinyoosha kidole: lile, hapana, la pembeni yake, lile la bluu. Katika duka hili hakuna wavu. Rafu ziko wazi kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa, na kijana anayeuza akishakuamkia anakuacha ushike utakavyo. "Shikamoo mama, karibu, nyanyua tu, usiogope," aliniambia siku ya kwanza aliponiona nimesimama mbele ya mabirika nikiwa nimefumbata mikono. Uhuru huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Mwaka 2010 mtafiti Marcello Costantini na wenzake nchini Italia walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walionyeshwa picha za kikombe chenye kishikio kikiwa juu ya meza. Kikombe kilipoonekana kuwa karibu, mahali mkono unapoweza kufika, upande wa kishikio uliwafanya watu wawe wepesi zaidi kutumia mkono wa upande huohuo. Kilipoonekana kuwa mbali, wepesi huo ulitoweka. Ulitoweka pia pale kikombe kilipokuwa karibu lakini nyuma ya kizuizi angavu, ingawa kilionekana vizuri kabisa. Nikiyasoma matokeo hayo nawaza wavu wetu. Anayechagua birika nyuma ya wavu anachagua kwa jicho peke yake, mkono wake ukiwa umelala, na mkono huo huja kuamka akishafika nyumbani na pesa imekwisha kutoka.

Chombo cha kwanza nilichonunua ni birika la alumini la lita tatu, lenye kishikio cheusi cha plastiki ngumu upande mmoja na mdomo upande wa pili, kwa shilingi 18,000. Pembeni yake kulikuwa na jingine la shilingi 15,000, linalong'aa zaidi na lenye kishikio cha alumini hiyohiyo. Nililikataa, na si kwa sababu tu kishikio cha namna hiyo hushika moto na kukulazimisha kutafuta kitambaa kila mara. Kishikio chake kiling'aa sawasawa na tumbo lake. Mama akikaa mezani asubuhi, mwanga wa dirishani ukimpiga usoni, birika lile lingekuwa kwake bonge moja la mng'ao lisilo na mbele wala nyuma. Hili tulilonunua analiona kama doa jeusi lenye umbo la kushikika, na mkono wake unalifuata bila kupapasa. Nimemtazama mara nyingi. Vidole vinaanza kujikunja kabla havijafika, kwa upana uleule wa kishikio, kama vile vimekwisha kukigusa.

Kujikunja huko kwa vidole si jambo la mama yangu peke yake. Mike Tucker na Rob Ellis, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza, mwaka 1998 walieleza jaribio ambamo watu waliangalia picha za vitu vya kawaida vya nyumbani na kutakiwa kujibu swali moja tu: kitu hiki kimesimama sawasawa au kimepinduliwa juu chini? Walijibu kwa kubonyeza kitufe, kwa mkono wa kulia au wa kushoto kulingana na jibu. Hakuna aliyeulizwa habari za kishikio. Hata hivyo, kishikio kilipokuwa upande wa mkono uliotakiwa kubonyeza, jibu lilitoka haraka zaidi kuliko kilipokuwa upande wa pili. Tofauti yenyewe ni sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini inajirudia kiasi cha kuonyesha kwamba kukitazama chombo na kujiandaa kukishika ni mambo yanayokwenda pamoja. Mwaka 2001 wawili hao walionyesha jambo la karibu na hilo kuhusu ukubwa: watu waliojibu kwa kukaza kiganja kizima walikuwa wepesi zaidi wakitazama vitu vikubwa, na waliojibu kwa kubana ncha za vidole walikuwa wepesi zaidi wakitazama vitu vidogo, ijapokuwa ukubwa haukuwa sehemu ya swali waliloulizwa. Miaka mingi kabla yao, mwanasaikolojia Mmarekani James Gibson alikuwa amekwisha kusema kwamba tunapotazama kitu tunaona pia kile tunachoweza kukifanyia: kiti ni cha kukalia, kamba ni ya kuvutia. Mtu aliyekulia pwani ataelewa upesi, kwa kuwa ukimwonyesha upawa wa kifuu cha nazi kwa mara ya kwanza hata mtoto mdogo, ataushika penye kijiti na kukielekeza kifuu chini.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama duka kwa jicho jingine. Rafu yote ya mabirika, majagi na vikombe ilikuwa imepangwa vishikio vikiangalia kulia kwa mteja, kama askari waliogeuzwa upande mmoja. Nilimuuliza yule kijana sababu, akanijibu kwamba mzigo ukipangwa hivyo unapendeza. Ni kweli unapendeza. Lakini Jumamosi moja nilikwenda na binti yangu, na mbele ya rafu ile niliona kitu ambacho nimekiona tangu akiwa mdogo bila kukipa uzito. Mkono wake wa kushoto uliachia mkoba, ukanyanyuka hadi usawa wa kifua, ukasita, ukashuka; ndipo wa kulia ukainuka na kulishika jagi kwa uzito, kifundo kikiwa kimepinda vibaya. Nililigeuza jagi la pili, kishikio kikaangalia kushoto. Alilichukua moja kwa moja, akalinyanyua, akaliinamisha kama anayemimina, akaniuliza bei.

Kwa sisi wa huku mkono wa kushoto una mzigo wake wa ziada. Bibi yangu alikuwa akitukemea vikali tukimpa mtu kitu kwa kushoto, na hadi leo mwenyeji mwenye adabu humwekea mgeni kikombe kishikio kikielekea mkono wa kulia wa mgeni, wala si wake mwenyewe. Binti yangu ameipatanisha adabu hiyo na umbile lake kwa namna inayonipa furaha kila nikimwona: anamimina kwa kushoto, anaweka birika chini, anakihamishia kikombe mkono wa kulia, ndipo anampa mgeni. Kwa mtu kama yeye, birika zuri ni lile ambalo mdomo na kishikio vimepangwa kwenye mstari mmoja, hata ukiligeuza liwe lako vilevile. Kikaango chenye mdomo wa kumiminia upande mmoja tu ni jambo jingine. Duka hili lina vikaango vizuri vya chuma kizito, ambavyo wengi siku hizi huviita fraipeni, lakini mdomo wake uko upande wa kushoto peke yake, maana fundi aliwaza mkono mmoja tu. Binti yangu akitaka kumimina mafuta ya kukaangia samaki lazima ashike kwa kulia, mkono usio na nguvu, mafuta yakiwa ya moto. Nimekwisha kumwomba muuzaji aagize vyenye midomo miwili. Majagi ya kupimia nayo yana kasoro ya jamaa hiyohiyo: namba zimechapwa upande mmoja, ule unaoonekana ukishika kwa kulia. Ukishika kwa kushoto namba zinaangalia ukutani.

Chupa ya chai ndiyo iliyonipa taabu kuliko vyote, na pia ndiyo iliyonifundisha zaidi. Niliinunua kwa shilingi 28,000, ya lita mbili, nyeupe, yenye waridi kubwa jekundu lililochorwa upande usio na kishikio. Kishikio chenyewe kilikuwa cheupe kama mwili wa chupa na chembamba, kimebanwa karibu na ubavu. Siku ya tatu walikuja wageni watatu, majirani zangu wa mtaa. Wa kwanza alipeleka mkono kwenye waridi, akaukuta ubavu mtupu unaoteleza, ndipo akaizungusha chupa kutafuta kishikio. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu alikuwa amewaona wenzake, akaizungusha kwanza.

Ukilifuata wazo la Tucker na Ellis peke yake, tukio hilo ni gumu kulieleza, kwa sababu waridi halishikiki na mkono usingekuwa na sababu ya kuvutwa nalo. Lakini wapo wataalamu waliopinga kwamba ni kishikio chenyewe kinachoamsha mkono. Stephen Anderson na wenzake, katika makala ya mwaka 2002, walitoa hoja kwamba kinachotangulia ni uzingativu: upande wowote wa umbo unaojitokeza kuliko mwingine unavuta jicho, na mkono wa upande huo unapata wepesi, hata kama umbo hilo halina maana yoyote mkononi. Mwaka 2010 Dongbin Cho na Robert Proctor wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, wakitumia picha za vikaango, walilihusisha jambo hilo na lile ambalo mwanasaikolojia J. Richard Simon alikwisha kulionyesha tangu miaka ya 1960, kwamba ishara ikitokea upande wa kulia mkono wa kulia hujibu upesi zaidi, hata kama upande huo hauhusiani kabisa na swali. Kwa maelezo yao mkono wa kikaango ni kitu kilichochomoza upande mmoja, na huko kuchomoza ndiko kunakofanya kazi.

Mjadala huo haujafungwa, na sioni haya kusema kwamba meza yangu ya chai iliegemea upande wa Anderson. Kwa mnunuzi, hata hivyo, kambi zote mbili zinatoa kipimo kilekile: kinachovuta jicho na kinachopaswa kushikwa viwe kitu kimoja. Niliirudisha chupa. Kijana aliipokea bila manung'uniko, jambo ambalo si la kawaida katika biashara ya vyombo, akanibadilishia na nyingine ya bluu isiyo na pambo, yenye kishikio cheusi kipana kinachochomoza vidole vinne vizima. Haina urembo wa kumshangaza mgeni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeizungusha.

Upande wa majiko ya gesi duka lina uchaguzi mdogo, lakini wa kutosha. Nilichukua la plati mbili, ambalo swichi ya kushoto inawasha plati ya kushoto na ya kulia inawasha ya kulia, na kila swichi iko chini ya plati yake. Hakuna cha kujifunza hapo. Kulikuwa pia na la plati nne, zuri kwa macho, plati zikiwa zimepangwa mbili nyuma na mbili mbele kama pembe za mraba, huku swichi nne zikiwa zimejipanga kwenye mstari mmoja. Nyumbani kwa ndugu yangu mmoja lipo kama hilo, na nikiwa mgeni wake nilizima plati ya maharage nikidhani nazima ya maziwa. Maziwa yakafurika, yakazima moto, na gesi ikaendelea kutoka hadi harufu ikatushtua. Nilijilaumu sana siku ile, mpaka nilipokumbuka niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu. Mwaka 1959 watafiti Alphonse Chapanis na Lindenbaum, nchini Marekani, walilinganisha mipangilio minne ya jiko la plati nne. Mpangilio mmoja haukuzaa kosa hata moja, nao ulikuwa ule ambao plati za nyuma zimesogezwa pembeni kidogo kuliko za mbele, hivi kwamba ukitazama kutoka kushoto kwenda kulia plati nne zinafuatana kwa zamu, sawa na swichi zake. Miaka zaidi ya sitini imepita na majiko ya mraba bado yanauzwa. Anayetaka la plati nne katika duka hili alinunue, kwa kuwa chuma chake ni kizuri, lakini apake alama za rangi mbele ya kila swichi kabla hajaliunganisha na mtungi.

Visu sitavizungumzia kwa kirefu. Vikali, vya bei ya kawaida, na vimewekwa kwenye kabati la kioo, jambo ninalolisifu kwa sababu ya watoto wanaoingia na mama zao. Chagua vyenye mpini wa chungwa au mwekundu, hata kama wa mbao unaonekana wa heshima zaidi. Wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walieleza mwaka 1980 kwamba kitu kinachotofautiana na vingine kwa sifa moja wazi, kama rangi, hujitokeza chenyewe, viwe vitu vitano au hamsini vilivyokizunguka. Mwanamke anayeparua changu kwenye sinia lililojaa magamba, damu na matumbo analifahamu hilo bila kusimuliwa, kwa maana mpini wa mbao ukilowa unakuwa na rangi ya uchafu wenyewe, na mkono unaoutafuta unaweza kukutana na makali.

Nimeliacha mwisho jambo linalonisikitisha katika duka ambalo kwa mengine yote nalipenda. Karibu na mlango, kwenye rafu ya chini kabisa, wanauza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na sabuni hiyo imejazwa kwenye chupa zilizokwisha kutumika za maji ya kunywa. Ina rangi ya chungwa iliyokolea. Kizibo ni kilekile cha bluu, kiuno cha chupa ni kilekile ambacho vidole vya kila mtoto wa Mtwara vimekizoea kwenye joto la Januari, na rangi ni ya juisi. Kila kitu kinachoonekana kwenye chupa ile kinamwambia mtoto anyanyue, afungue, anywe; kinachomkataza ni neno "sabuni" lililoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ndogo, ambalo mtoto wa miaka miwili hawezi kulisoma. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta ya taa yanayowekwa majumbani kwenye chupa za namna hiyo, na manesi wetu wanajua ni watoto wangapi hupelekwa hospitali wakiwa wamekwisha kuyanywa. Nilimweleza kijana yote haya nikiwa nimesimama palepale mlangoni, nikamwonyesha mtoto wa mteja mmoja aliyekuwa amechuchumaa mbele ya rafu akiwa ameshika chupa kwa mikono miwili. Aliichukua taratibu mkononi mwa mtoto, akaniambia, "Mama, hili sikuliwaza."

Alitenda kwa upande mmoja. Nilipopita wiki iliyopita kuulizia majagi yenye namba pande zote mbili, ambayo bado hayajafika, nilikuta sabuni imehamishiwa rafu ya juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Chupa bado ni zilezile. Nimempelekea madumu madogo ya manjano sita, ya lita moja, yenye shingo nene, ili ajaribu kuijazia humo, na ameniahidi kwamba mzigo ujao wa sabuni hautaingia tena kwenye chupa za maji.